Ukimpeleka Mwanao Lisbon, Mwonyeshe Dhahabu ya Kilwa

Kila kiangazi familia za kwetu zinazoishi Ulaya, na zile chache za huku zilizojaliwa nauli, hufunga mizigo kwenda kutembelea miji ya kale. Ni jambo jema. Lakini watazameni wanavyotembea! Baba yuko mbele na simu mkononi, mama anatafuta choo, watoto wanaburutwa kutoka mnara huu hadi kanisa lile. Jioni kila mmoja ana picha chungu nzima, na hakuna awezaye kueleza alichokiona. Hiyo ni nauli iliyopotea.

Tuchukue Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa kuwa hapo Mswahili hana udhuru wa kutembea kama mtu asiyehusika. Wageni wote hupelekwa Belém, kando ya mto Tagus, kuiona monasteri ya Jerónimos. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500, na sehemu ya gharama ililipwa kwa ushuru wa biashara ya Afrika na ya Mashariki. Vasco da Gama amezikwa humo. Mwongozaji atamwambia mwanao kwamba huyu ndiye aliyeifungua njia ya Bahari Hindi, na mzazi akinyamaza, mtoto ataamini. Haifai kunyamaza. Mwambieni kwamba manahodha wa Kihindi, wa Kiarabu na wa pwani yetu walikuwa wakiipita bahari hiyo kwa pepo za kaskazi na kusi karne nyingi kabla yake, na kwamba mwaka 1498 da Gama mwenyewe alipewa rubani Malindi ndipo akafika India.

Kisha msirudi hotelini. Nendeni kwenye jumba la taifa la makumbusho ya sanaa ya kale, ambako watalii wengi hawafiki. Humo, nyuma ya kioo, kuna chombo cha dhahabu cha kuabudia Ekaristi Takatifu, kilichokamilika mwaka 1506, ambacho ufundi wake husemwa ni wa Gil Vicente. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka, nao wamepambwa kwa rangi. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Mwaka 1502 da Gama alitia nanga pale na mizinga yake, akamlazimisha mtawala, Amiri Ibrahimu, alipe kodi kwa mfalme Manuel wa Ureno. Kodi ikasafirishwa hadi Lisbon, na mfalme akaamuru itengenezwe chombo hicho. Kabla hakijakamilika, mwaka 1505, jemadari wa Kireno Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa.

Mwacheni mtoto astaajabu kwanza. Kazi ile ni nzuri kupita kiasi, na fundi hakumpora mtu. Baadaye muulizeni yeye: je, kitu kizuri kikitengenezwa kwa mali ya kulazimishwa, tukitazame kwa jicho gani? Wala msimfiche upande wa pili. Kilwa haikuchimba dhahabu ile. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka kwa njia ya Sofala, na matajiri wa Kilwa wakajijengea majumba kwa faida yake. Anayewasafisha babu zake na kuwachafua wa wengine anapiga soga tu, wala hafundishi historia. Na kijana wa Kireno anayekata tiketi mlangoni hana deni lolote kwenu.

Nawasikia wanaosema: watoto wako likizo, waacheni wapumzike. Watoto hawachoshwi na habari, wanachoshwa na foleni. Wapandisheni ngazi za mtaa wa Alfama, wanunulieni vile vijikeki vya mayai na maziwa (hata mimi sioni sababu ya kuvikosa), kisha wapelekeni kwenye kanisa la Carmo lililobaki bila paa. Waelezeni juu ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko lilipoangusha majengo, moto ukafuata, na bahari ikapanda mjini. Mtaa wa chini ulijengwa upya chini ya usimamizi wa Marquês de Pombal, na ndani ya kuta za nyumba zake mafundi waliweka fremu za mbao ili zistahimili mtikisiko. Mtoto gani wa umri wa miaka 10 atasinzia akisikia hayo?

Nanyi mlio Dar es Salaam wenye uwezo wa kulipia ndege, nina swali lenu. Kilwa Kisiwani imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Hufikiwa kwa basi hadi Kilwa Masoko, kisha kwa mashua. Msikiti Mkuu bado umesimama na kuba zake, na magofu ya Husuni Kubwa yangali juu ya mwamba yakiitazama bahari. Wanenu wameyaona? Kama bado, anzeni huko likizo ya Juni, ndipo mkate tiketi ya Lisbon.