Mvua ni ya Mungu, lakini barabara ni ya Leta

Uvira, mwezi wa tano 2024

Ndugu raia wa Uvira, wa Fizi na wa Bonde la Ruzizi,

Tangu mwezi wa nne tunapewa jibu moja tu kila tunapouliza juu ya barabara yetu: ziwa limepanda, mnataka tufanye nini? Ni mambo ya Mungu. Sawa. Mvua ni ya Mungu, tunakubali. Ziwa nalo hatukulijaza sisi kwa ndoo. Lakini barabara si ya Mungu. Barabara iko na mwenyewe, iko na ofisi zake, iko na kodi yake, na ile kodi hailipwi mbinguni. Inalipwa hapa chini, kila siku, na sisi.

Mtu asiyejua Uvira afikirie hivi. Upande wa magharibi ni milima ya Mitumba, mikali, imesimama kama ukuta. Upande wa mashariki ni ziwa Tanganyika. Katikati kimebaki kipande chembamba cha ardhi, na juu ya hicho kipande tumejenga mji mzima na barabara moja, RN5. Inatoka Bukavu, inapita Kamanyola, Luvungi na Sange, inaingia mjini kwa Kavimvira, inatokea Kalundu kwenda Makobola, Baraka na Fizi. Mito yote inayoshuka mlimani inakata ile barabara kabla ya kufika ziwani: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge. Barabara ikikatika mahali pamoja, mji umekatika. Njia ya pembeni hakuna. Pembeni ni mlima au ni maji.

Halafu kuna jambo ambalo wakubwa wetu hawapendi kulisema. Mto ukifurika, kesho kutwa umerudi mahali pake. Ziwa si vile. Ziwa Tanganyika liko na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Maji yanaingia kwa mito mingi, yanatoka kwa mmoja. Wazee wetu waliona ziwa likipanda vile kati ya mwaka 1961 na 1964, na halikushuka kwa wiki mbili, lilichukua miaka. Kwa hiyo mtu akituambia «subirini maji yashuke», hatujibu. Anatuambia tungoje miaka bila barabara.

Wala hii si mara ya kwanza. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake. Makumi ya watu walikufa na makumi ya maelfu walibaki bila nyumba. Maji yalibeba daraja, mji ukagawanyika vipande viwili. Yaliharibu pia mitambo ya Regideso, tukabaki tunateka maji ya ziwa katika mji ambao kila mtu anajua kolera inakaa humo mwaka mzima. Na wakati ule mipaka ilikuwa imefungwa sababu ya korona, hata kukimbilia Bujumbura haikuwezekana. Wakubwa walikuja, walivaa magilet, walipigwa picha, walitoa ahadi. Leo ni miaka minne. Mwaka huu ziwa limeingia bandarini Kalundu, limeingia kwenye avenyu za kando, limefika upande wa mpaka wa Kavimvira na kwenye barabara ya kwenda Gatumba, ambako ndugu zetu Warundi pia wanalala majini. Na sisi tumeanza tena kutoka ziro kama vile 2020 haikuwahi kuwako.

Nitoe mfano wa familia moja. Ni yetu. Siyo juu ya sisi kuwa na shida kuliko wengine, hapana. Kuna waliopoteza nyumba na kuna waliopoteza watu. Sisi nyumba iko. Kilichokatika ni njia tu. Ninataka muone «njia tu» inafanya nini kwa watu ambao hawahesabiwi kati ya wahanga.

Tunaishi Kalundu. Mama anauza ndagala kwenye soko la Mulongwe. Baba yuko na presha na sukari, na kila mwezi anafuata daktari wake Bujumbura. Mdogo wangu yuko mwaka wa sita, anangoja egzeta, na shule yake iko Mulongwe. Basi watu watatu, safari tatu, na zote zinapita kwenye barabara moja.

Zamani baba alipanda moto asubuhi mpaka mpakani, anavuka, anachukua taksi, saa nane mchana amerudi anakula kwake. Mwezi wa nne ile safari moja ikageuka safari nne. Moto mpaka maji yanapoanzia. Kutoka pale, mgongo wa mtu. Mbele zaidi, mtumbwi. Kisha moto nyingine, ambayo bei yake inapangwa na dereva akiangalia suruali yako imelowa mpaka wapi. Kila kipande kiko na mwenye kukipisha, na kila mwenye kukipisha anataka pesa mkononi.

Nilimsindikiza baba siku moja. Ni mtu wa miaka 67, alifundisha shule maisha yake yote, watu wa kartye bado wanamwita mwalimu. Alivua viatu, akavifunga kamba shingoni, akapanda mgongoni mwa kijana wa umri wa mtoto wake wa mwisho. Yule kijana alikuwa na adabu, alimwambia, «Muzee, unishike vizuri, usiogope.» Baba hakujibu kitu. Mwezi wa tano ulipofika alisema hataenda, dawa bado zinatosha. Mama hakuamini, akafungua kile kipakiti. Dawa zilikuwa zinatosha juu baba alikuwa anakata kila kidonge nusu, ili asibebwe tena.

Tukafanya kikao cha familia. Tulikubaliana kwamba kila siku atasafiri mtu mmoja tu, yule mwenye haja kubwa zaidi. Dawa za baba zitaletwa na mama mmoja mchuuzi anayevuka mara mbili kwa wiki. Tunampa karatasi ya daktari na pesa, na kitu kidogo cha kumshukuru. Mdogo wangu atalala kwa shangazi Mulongwe kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, na mama atampelekea unga shangazi, maana hata shangazi hana mengi. Mama mwenyewe ameacha ndagala mbichi. Mbichi haingoji maji. Ukikwama saa tatu njiani umefika sokoni na uvundo. Amehamia zile za kukausha, lakini kukausha kunataka jua, na jua katika masika ni la kubahatisha. Kila asubuhi saa kumi na moja baba mdogo, ambaye ni mvuvi, anapiga simu kusema maji yako namna gani. Simu yake njo serikali yetu ya barabara.

Mwisho wa mwezi tulichukua daftari tukahesabu. Nauli ilikuwa imekula ile pesa yote tuliyoweka pembeni kwa ajili ya egzeta ya mdogo wangu. Hakuna mtu aliyeiba. Hakuna aliyeinywa. Ilibaki majini, kidogo kidogo, kwa wapanda moto na wenye mitumbwi.

Sasa tuulize vizuri. Ni nani aliyejenga daraja mwezi wa nne? Ni baba, kwa vidonge vyake nusu. Ni mama, kwa kuacha biashara anayoijua. Ni shangazi, kwa sahani yake. Zidisha familia hii kwa familia zote kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, mpaka Makobola. Hiyo njo kodi ya pili ya barabara, na haina risiti. Ya kwanza tulishalipa. Sheria ya mwaka 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, na mfuko huo unaishi kwa pesa inayotolewa kwenye kila litre ya mafuta na kwenye barriere za kulipisha magari. Mpanda moto wa Mulongwe akinunua litre moja, amechangia. Mama akipakia gunia lake kwenye gari, amechangia, juu mwenye gari anaongeza ile pesa kwenye bei. Tumelipa ili barabara itunzwe, halafu tunalipa tena ili tubebwe mgongoni pale ambapo haikutunzwa.

Kuna watu wanakuja na magari makubwa, wanaangalia tunavyovuka, wanasema: watu wa Uvira mko na moyo, mnajua kuvumilia. Tunawashukuru, lakini hiyo sifa tunawarudishia. Tukisifiwa kwa kuvumilia, wanaopaswa kufanya kazi wanapata usingizi. Wanaona watu wanavuka, soko linafunguliwa, watoto wanafika shuleni, basi wanasema mambo yanaenda. Hayaendi. Tunayabeba.

Tusiwatukane wale vijana wanaobeba watu. Kati yao nimeona wawili tuliokaa nao kwenye auditwari moja pale chuoni. Mimi pia niko na diplome, na mwaka wa tatu huu niko shomeri, ninajua kwa nini wako pale. Mtu anayebeba watu 20 kwa siku ndani ya maji ya kiunoni hashindwi kubeba jiwe. Ila hakuna aliyemuita kubeba jiwe.

Na tuseme ukweli hata kwa upande wetu raia. Kuna tunaotupa takataka kwenye mifereji halafu tunashangaa maji yakiingia nyumbani. Kuna wanaochimba mchanga na mawe palepale chini ya daraja. Kuna waliojenga ndani ya njia ya mto. Lakini wengi waliojenga pale walinunua, na walipewa karatasi yenye muhuri. Mto haukugonga ule muhuri.

Tunajua watakachosema: Leta haina pesa, na vita viko. Vita viko, kweli, na Bonde la Ruzizi linajua kuliko wanaosema. Lakini vita havikatazi kufungua mfereji katikati ya mji. Vita havikatazi kubandika hesabu ya barriere ukutani. Na kuhusu mvua, hakuna adui anayetoa taarifa mapema kama yeye. Mvua ya Uvira inaisha mwezi wa tano na inarudi kati ya mwezi wa tisa na wa kumi. Kila mwaka. Mwezi wa sita, wa saba na wa nane ni kiangazi, mito iko chini, mawe yanaonekana, kazi inawezekana. Kila mwaka hiyo miezi mitatu inapita katika mikutano, na mwezi wa kumi tunaambiwa tena kwamba ni mambo ya Mungu.

Njo maana madai yetu yako na tarehe, hayangoji «hivi karibuni»:

1. Kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, pesa iliyokusanywa kwenye barriere za RN5 upande wetu mwaka 2023 na mwaka huu itangazwe hadharani, na kazi iliyofanywa nayo ionyeshwe: mahali gani, mita ngapi.

2. Katika mwezi wa sita na wa saba, mito Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira isafishwe kuanzia chini ya mlima mpaka ziwani, na kingo zijengwe kwa gabioni. Kazi hiyo wapewe vijana wa hapa, kwa malipo ya siku yanayojulikana na kila mtu.

3. Pale ambapo ziwa limekula barabara, barabara iinuliwe au isogezwe upande wa mlima. Hatutaki kumwagiwa mchanga ambao wimbi la kwanza litaubeba.

4. Mpaka kazi iishe, mahali pote palipokatika pawekwe mitumbwi yenye bei moja iliyobandikwa. Wagonjwa, wazee, mama wajawazito na wanafunzi wa egzeta wavushwe bure.

5. Karatasi zote za viwanja vilivyotolewa katika njia za mito na kando ya ziwa tangu mwezi wa nne 2020 zikaguliwe. Aliyenunua kwa nia njema atafutiwe mahali pengine. Aliyeuza ajibu.

6. Nchi nne za ziwa zilitia sahihi mkataba wa Tanganyika mwaka 2003, na mamlaka ya ziwa iko Bujumbura. Wabunge wetu waulize, kwa jina letu, ni mpango gani uko kwa Lukuga na ni nani anatuambia sisi wa kando ya maji kiwango cha ziwa kila wiki. Siyo haki simu ya mvuvi mmoja saa kumi na moja asubuhi iwe ndiyo habari pekee ya mji mzima.

Barua yenye madai haya itapelekwa kwa meya, na nakala kwa gavana wa Kivu ya Kusini na kwa wabunge waliochaguliwa hapa. Tunaita kila familia ifanye hesabu kwenye daftari: umelipa kiasi gani kuvuka tangu mwezi wa nne, siku ngapi mtoto hakufika shuleni, mgonjwa gani hakufika kwa daktari. Mtuletee hizo hesabu, hata zikiwa kwenye kipande cha kartoni. Tutazijumlisha na kuzisoma mbele ya ofisi ya meya Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, kwa amani, bila jiwe, bila tusi, tukiwa tumeshika viatu mkononi kama tunavyovishika tukivuka.

Wanaosema hakuna aliyejua gharama ya barabara iliyokatika, siku hiyo wataisikia, franka kwa franka.