Tusiwagawe watoto kuwa wa akili na wa moyo

SHUKRANI zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, katika nyumba zetu nyingi imezoeleka kumgawa mtoto mapema: huyu ni mtu wa akili, yule ni mtu wa moyo. Wa kwanza hulipiwa tuisheni ya hesabu na kuitwa panapozungumzwa mambo mazito. Wa pili, na mara nyingi huwa ni binti, huambiwa akahudumie wageni. Sisi tunasema mgawanyo huo hauna msingi, na dhuluma yake ni kubwa.

Wataalamu wa saikolojia wamelipima jambo hili. Mwaka 1996, Seymour Epstein wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, na wenzake walitoa dodoso la kupima ni kiasi gani mtu hupenda kuchambua mambo, na ni kiasi gani huiamini hisia yake ya mara moja. Mwaka 1999 lilitoka dodoso lililopanuliwa, lenye kauli 40. Walilolibaini ndilo tunalotaka wazazi walizingatie: alama za pande hizo mbili takriban hazitegemeani. Si mizani ambayo kitanga kimoja kikipanda kingine hushuka. Yupo mwenye alama nyingi kote kuwili, na yupo mwenye chache kote kuwili.

Tena, dodoso hupokea anayoyasema mtu juu ya nafsi yake, na nafsi hupenda kujisifu. Mwaka 2005, Shane Frederick alichapisha jaribio la maswali 3 tu. Mojawapo, tukilitia katika bei za madukani kwetu, ni hili: daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100, daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000, kalamu ni shilingi ngapi? Jibu linalokimbilia ulimini ni 100. Lakini hapo daftari lingekuwa 1,100, na jumla 1,200. Jibu sahihi ni 50. Katika watu 3,428 aliowapima, wengi wao wanafunzi wa vyuo, asilimia 17 tu walipata yote 3, na asilimia 33 hawakupata hata moja. Basi anayejiita mtu wa akili naye asijiamini kupita kiasi.

Wala hisia si ujinga. Mama anayetambua kuwa mwanawe anaumwa kabla ya kipimajoto habahatishi. Miaka ya kulea imemfundisha.

Tukumbuke Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Masahaba walipoamriwa wachinje na kunyoa, huzuni iliwazuia kuinuka. Bibi Ummu Salama (R.A.) alimshauri Mtume (S.A.W.) atoke bila kusema na yeyote, achinje mnyama wake na anyolewe. Alipofanya hivyo, wote wakainuka. Je, huo ulikuwa moyo au akili? Alizisoma nyoyo za watu, kisha akatoa shauri lenye hatua zilizopangika.

Kwa hiyo tuwafunze binti zetu hesabu kama tunavyowafunza kaka zao, na tuwafunze wavulana kusoma nyuso za watu. Familia inapokaa kushauriana, wote waulizwe, na kila mmoja aeleze sababu ya rai yake. Mtoto ni amana. Tusimfungie mlango mmoja kwa jina tulilompa wenyewe.

Wallahu a'lam.