Barza ya Biashara: Hasara Tunayoiweza

Mwaka jana katika ukurasa huu tulizungumza habari za mirathi ya maduka, na baadhi yenu mlinambia kuwa niliwachosha kwa hesabu. Mwaka huu hesabu ni chache. Nataka kuzungumza jambo lililoingia nyumbani kwetu, na naamini limeshapita au litapita katika nyumba zenu: kijana anapokuja mbele ya wazee akasema anataka kuacha kazi ya mshahara afungue biashara yake, na anaomba mtaji.

Kwetu amekuja binti wa dada yangu. Ana miaka 29, anafanya kazi benki, kiti kizuri na kiyoyozi. Anataka kufungua mkahawa mdogo wa vitafunio vya kwetu: sambusa, kachori, mahamri, vitumbua. Ameandika mpango wa kurasa 22, na mwisho wa kurasa hizo pana ombi la riali 9,000 kutoka mfuko wa ukoo. Tulikaa usiku wa Ijumaa baada ya Isha, hapa Wadi Kabir, watu 14 sebuleni na wengine kwa simu kutoka Dubai na Unguja. Mpaka saa sita ya usiku hatukuafikiana. Nusu walisema mpango hauonyeshi faida ya kutosha. Nusu ya pili walisema unaonyesha faida kubwa mno, basi hauaminiki. Mimi nilinyamaza, na wanaonijua wanajua kuwa hiyo si kawaida yangu.

Nilikuwa nalikumbuka duka langu.

Wa rika langu mnalikumbuka pia. Mwaka 1982 nilifungua duka la spea za magari hapa hapa Wadi Kabir, chini ya jabali, gereji mbele na gereji nyuma. Siku hizo bado tulikuwa wageni kwetu. Wapo waliotoka Unguja na Pemba baada ya 1964, wapo waliopitia Mombasa, Bujumbura, Kairo au Kuweti, na wengi tulirudi kwa wito uliotolewa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi tarehe 23 Julai 1970. Kila mtu alikuwa akijenga, kila aliyejenga alikuwa na gari, na kila gari lilikuwa likiharibika. Mimi nikapiga hesabu yangu: spea haziwezi kukosa mnunuzi. Kaka yangu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, akanipa riali 4,000. Hatukuandika kitu. Hakuna aliyesema kama ni deni, au ushirika, au zawadi. Ndugu na ndugu, nani ataomba karatasi?

Nikaagiza spea mpya kutoka Japani, nilizozichagua mwenyewe kwa kusoma katalogi usiku. Fundi wa gereji ya mbele, mtu wa Kerala, alinambia si mara moja: wateja wake wanataka taa na milango iliyokwishatumika, iliyotolewa katika magari yaliyogongwa, kwa kuwa ndiyo wanayoiweza. Nilimcheka. Nilijiona muagizaji, si mchuuzi wa vyuma vikuukuu. Kisha yen ya Japani ikapanda kuanzia mwisho wa 1985, Januari 1986 riali yetu ikashushwa kutoka dola 2.895 mpaka dola 2.60, na mwaka huo huo bei ya mafuta ikaanguka. Bidhaa zangu zilipanda bei wakati ule ule wateja walipoanza kubana mkono. Mwaka 1987 nikafunga, na kutwa nikawa naona watu wakiingia gereji ya mbele na taa kuukuu mkononi.

Hasara ya duka niliimeza. Iliyonishinda ni ile riali 4,000. Kaka aliiona deni, mimi niliiona ushirika uliokufa. Miaka minne tulisalimiana misibani tu. Nilimlipa kidogo kidogo, riali 50, riali 30, mpaka 1994. Siku niliyomaliza alinikaribisha kahawa, nikanywa, tukazungumza habari za joto. Alifariki 2009, na mazungumzo yetu yalikuwa hayajarudi yalivyokuwa.

Basi baada ya kikao kile mwanangu, ambaye anasomesha mambo ya uendeshaji wa biashara, aliniletea bahasha ya makaratasi ya utafiti. "Soma, baba, kabla hujapiga kura." Nimesoma kwa miwani na kamusi. Mengi humo ni maneno makubwa kwa mambo madogo, lakini yapo yaliyonigusa, na nyinyi mlio mameneja wizarani, katika mabenki na katika makampuni ya mafuta, naona yanawahusu kuliko mimi mstaafu.

Moja ni la mwanachuoni wa kike wa asili ya Kihindi aliyeko Marekani, jina lake Saras Sarasvathy. Aliwatafuta watu 27 waliobobea katika kuanzisha makampuni, makampuni makubwa kwelikweli, akawapa wote tatizo moja la biashara ya kubuni, akawataka walitatue huku wakifikiri kwa sauti na maneno yao yakinaswa katika tepu. Makala yake ilitoka 2001. Alichokikuta ni kuwa watu hawa, kwa aghalabu, hawakuanza kwa kuuliza soko lina ukubwa gani na faida ya mwaka wa tatu itakuwa ngapi. Walianza na kilichomo mkononi: mimi ni nani, najua nini, namjua nani. Kisha wakauliza swali ambalo katika skuli za biashara halipewi nafasi kubwa: nikipoteza, nitapoteza kiasi gani, na kiasi hicho nakiweza?

Meneja hufundishwa kinyume. Aweke lengo, atabiri soko, kisha atafute mtaji wa kulifikia. Sisemi kuwa ni vibaya. Kwa kufungua tawi la kumi la benki yenye matawi tisa, utabiri una kazi yake, kwani yale tisa yameshasema. Lakini kwa jambo jipya hakuna kilichokwishasema, na tarakimu za kurasa 22 ni dua iliyopangwa katika safu.

Niliposoma hapo nilijiona mimi na katalogi yangu. Nikatuona pia sote tuliokaa usiku ule. Saa tatu tulibishana juu ya faida. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: hizi 9,000 zikipotea, nani atamnunia nani?

Nina neno moja na watafiti hawa. Waliwauliza waliofaulu. Hakuna aliyekuja Wadi Kabir kutuuliza sisi tuliofunga, na mimi ningemweleza bure, pamoja na kahawa na halwa.

Swali la nani anabeba hasara si geni kwetu. Wanahistoria wanamtaja Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil, kuwa ndiye aliyeingiza karafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi ambako Wafaransa waliilima. Alijaribu kwanza katika mashamba yake. Baadaye Sayyid Said akayachukua mashamba hayo, akaupanda mkarafuu kwa wingi, na kila mwenye ardhi akafuata. Karafuu ikawa nyingi kuliko wanunuzi, na kufika miaka ya 1840 bei ilikuwa imeporomoka. Wenye mashamba wengi wakanasa katika madeni ya wakopeshaji wa Kihindi. Na tusiseme nusu ya habari: mashamba yale yalipandwa na kuchumwa na watumwa. Hawa hawakuulizwa lolote, si faida wala hasara, na mzigo mkubwa ulikuwa wao.

Jambo la pili lililonigusa ni lile ambalo fundi wa Kerala alijaribu kunisomesha bila ya ada. Mwaka 1976 Mmarekani Eric von Hippel alichapisha utafiti juu ya vyombo vya maabara. Alifuatilia maendeleo makubwa ya vyombo hivyo, nani aliyeyabuni kwanza, na akakuta kuwa mengi hayakuanza kiwandani. Yalianza kwa watumiaji, wanasayansi waliochoka kungoja wakajitengenezea wenyewe, na kiwanda kikaja nyuma yao. Anayeishi Wadi Kabir hahitaji kusadikishwa. Nani amewahi kuona pikapu ikabaki hapa mwaka mzima kama ilivyotoka kiwandani?

Wenye jamaa Kenya mnao mfano ulio mkononi mwenu kila siku, M-Pesa. Ilipojaribiwa kuanzia 2005, Nairobi na Thika, haikukusudiwa kuwa kama ilivyo leo. Ilikusudiwa watu waliokopa mikopo midogo walipe kwa simu. Waliokuwa wakisimamia majaribio wakaona wateja wanafanya mambo yao. Huyu anamtumia mwenzake. Yule anaweka fedha zake kabla ya safari, anazitoa akifika, ili asizibebe njiani. Ilipofunguliwa kwa watu wote Machi 2007, wito wake haukuwa lipa mkopo, ulikuwa tuma pesa nyumbani. Haya, fikirini meneja wa tabia yangu ya 1982 angefanya nini. Angewaandikia wateja barua ya onyo kwamba wanakitumia chombo kinyume na masharti.

Baada ya kusoma hayo nikamwita binti wa dada yangu, sisi wawili tu na mama yake. Sikumuuliza mpango. Nilimuuliza: "Mwanangu, mpaka leo umeuza nini, na kwa nani?" Akastaajabu kidogo, maana usiku ule hakuna aliyemuuliza hilo. Kumbe tangu Ramadhani iliyopita anapika jioni akitoka benki, kwa fedha zake mwenyewe, riali 180 tu, na friza ya jirani. Alianza kwa kuuza sambusa zilizokwishakaangwa. Wanawake wa mtaani wakamwambia: tupe mbichi, zimeganda, tutakaanga wenyewe karibu ya Magharibi zikiwa moto, na za watoto punguza pilipili. Sasa karibu wote wananunua mbichi. Mahamri nayo wanayataka hivyo hivyo.

"Mbona hayo hayamo katika zile kurasa?"

"Khalu, nilidhani mtaona ni biashara ya jikoni. Mkahawa una sura."

Mama yake akatazama chini, mimi nikacheka, nikakumbuka katalogi. Sehemu kubwa ya zile riali 9,000 ilikuwa kodi ya jengo, viti na mapambo, na wateja wake hawakuomba hata kiti kimoja. Tukakaa na kalamu. Friza mbili, mashine ya kukandia unga, mifuko na lebo, leseni, na akiba ya miezi mitatu. Tukafika riali 1,500. Kazi ya benki haachi kwanza.

Mameneja mlioniuliza mwaka jana mbona wafanyakazi wenu hawaleti mawazo mapya, nami nawauliza. Alipoleta wa mwisho likashindikana, mliandika nini katika faili lake? Wenzake walilisoma faili lile hata kama halikufunguliwa.

Sasa namna ya kutoa fedha. Katika fiqhi yetu mlango huu upo, unaitwa mudharaba, na wengine huuita qiradhi. Mmoja anatoa mali, mwengine anatoa kazi, faida wanagawana kwa sehemu walizopatana. Ikitokea hasara, mali imepotea kwa mwenye mali, na mwenye kazi amepoteza jasho lake, maadamu hakufanya khiyana wala uzembe. Deni ni mlango mwengine kabisa. Mkosi wetu ni kuwa tunatoa fedha bila ya kusema tumeingia mlango gani. Ikija faida tunasema sisi ni washirika, ikija hasara tunasema tulikopesha. Oman imeruhusu benki za Kiislamu kwa sheria ya 2012, na vijana wetu wanaofanya kazi humo wanaandika mikataba hii kila siku kwa ajili ya watu baki. Wakirudi nyumbani wanakaa sebuleni na ami zao, hakuna hata kalamu. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Tunaisoma kwa sauti nzuri sana.

Nimeandika karatasi moja. Riali 1,500 kutoka mfuko wa ukoo, mudharaba, miezi tisa. Faida sita kwa kumi zake, nne kwa kumi za mfuko. Hesabu zitazamwe kila mwezi na mtu asiyekuwa mama yake wala mimi. Ikipotea yote bila ya khiyana wala uzembe, si deni, na hakuna ruhusa ya kulitaja jambo hilo arusini wala misibani. Sharti hili la mwisho wamelicheka, lakini mimi silitoi.

Shemeji yangu anasema karatasi hii itawadekeza vijana, kwamba mtu asiyeogopa deni hafanyi kazi. Ana haki ya kusema, na mfuko ni wake pia. Mweka hazina wa mfuko ni mtoto wa yule kaka yangu. Nilimpelekea karatasi kwa mkono wangu. Aliisoma mara mbili, akaweka kidole juu ya lile sharti la arusi na misiba, akaniuliza: "Hili, ami, umelitoa wapi?" Nikamwambia nimelitoa kwa baba yake na mimi. Akaikunja, akaitia mfukoni. Saini bado hajatia. Tutakaa tena Ijumaa ya pili baada ya Idi.