Bahati isigeuzwe ushahidi

Desemba 2, 2020 Uingereza ilitangulia nchi zote za Magharibi kuidhinisha chanjo ya korona ya Pfizer na BioNTech. Kabla jua halijatua, waziri wa afya wa wakati huo, Matt Hancock, alikuwa ameshaipa sifa Brexit: tumetoka Umoja wa Ulaya, ndiyo maana tumewaacha nyuma. Siku hiyohiyo June Raine, mkuu wa MHRA, wakala unaosimamia usalama wa dawa, aliulizwa na waandishi wa habari. Alijibu kwamba kibali kimetolewa kwa kutumia kifungu kilichomo ndani ya sheria za Ulaya, ambazo zilikuwa bado zinaihusu Uingereza mpaka mwisho wa mwezi ule.

Jibu hilo lilitosha kuufunga mjadala, lakini haukufungwa. Mpaka leo, ukimtajia mtetezi wa Brexit hasara za kibiashara, atakwambia: sawa, lakini tulipata chanjo mapema.

Mapema walipata, ila si kwa Brexit. Januari 2021 Hungaria iliidhinisha Sputnik V ya Urusi kivyake bila kusubiri kibali cha Ulaya, na mwezi uliofuata watu wake wakaanza kudungwa. Haikutoka katika Umoja wa Ulaya ili kufanya hivyo, na haikufukuzwa.

Wapo wanaojibu kwamba Uingereza ingekuwa bado ndani ingeona haya kujitenga. Ingeingia kwenye ununuzi wa pamoja kama walivyoingia wanachama wote 27, na ingechelewa pamoja nao. Hoja hii ina uzito, na hatuitupi. Lakini inazungumzia woga wa wanasiasa, haizungumzii minyororo ya Brussels. Tena ule uongozi wa mbio haukudumu. Kufika majira ya vuli ya 2021, Ureno na Hispania zilikuwa zimeipita Uingereza kwa sehemu ya wananchi waliokamilisha dozi.

Kilichoisaidia Uingereza kinajulikana, na kinafundisha kuliko porojo za bendera. Mwaka 2020 serikali iliunda kikosi kazi cha chanjo na kumkabidhi Kate Bingham, ambaye kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kuwekeza katika kampuni changa za dawa. Katika biashara hiyo mtu anaingia akijua kwamba kampuni nyingi atakazozipa fedha zitakufa. Kikosi chake kiliagiza chanjo za aina 7, zaidi ya dozi milioni 350 kwa nchi yenye watu wasiofika milioni 70, nyingi zake wakati hakuna aliyejua ipi itafanya kazi. Nyingine ambazo serikali iliziunga mkono hazikufika popote. Chuo cha Imperial kiliiweka kando chanjo yake Januari 2021, baada ya serikali kuichangia mamilioni ya pauni. Mkataba wa Valneva ulivunjwa Septemba mwaka huohuo. Hizo zilikuwa hasara zilizotarajiwa tangu siku ya kwanza. Uamuzi ule ulikuwa mzuri hata kabla ya sindano ya kwanza kumwingia Bi Margaret Keenan, mwenye miaka 90, kule Coventry Desemba 8. Hata Pfizer ingeshindwa, bado ungekuwa uamuzi mzuri.

Hapo ndipo tulipo na ugomvi na maoni mengi yanayozunguka mitaani, bungeni na kwenye simu. Watu wanapima uamuzi kwa matokeo peke yake. Kikitoka chema, aliyeamua ni bingwa. Kikitoka kibaya, alikuwa mjinga au mwizi. Bahati haihesabiwi kabisa.

Wapiga kura wa Uingereza walihesabu hivyohivyo. Mei 6, 2021, chanjo ikiwa imeshawafikia watu wazima walio wengi, Conservative, chama kilichokuwa madarakani, walishinda uchaguzi mdogo wa Hartlepool kwa tofauti ya kura 6,940, jimbo ambalo Labour walikuwa nalo tangu lilipoundwa mwaka 1974. Ulikuwa mji ulioipigia Brexit kura kwa wingi, na sasa ulikuwa mji uliochanjwa. Mambo mawili yasiyo na uhusiano yalishonwa yakawa kanzu moja, na waziri mkuu Boris Johnson akaivaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: Septemba madereva walikuwa kwenye foleni za petroli kwa uhaba wa madereva wa malori, Aprili 2022 waziri mkuu alipigwa faini na polisi kwa kuvunja masharti ya korona aliyoyaweka mwenyewe, na Julai akatangaza kung'oka.

Turudi kwenye sindano, maana huko ndiko kosa hili linakoua. Kila ukoo una mjomba ambaye hakuchanja na yu mzima. Kila mtaa una mama aliyechanja na bado akalazwa. Wote wawili ni wa kweli, na hakuna hata mmoja anayethibitisha lolote. Ndiyo sababu hufanywa majaribio makubwa. Jaribio la Pfizer lilihusisha watu zaidi ya 43,000, nusu wakapewa chanjo, nusu wakadungwa maji ya chumvi, na wenyewe hawakujua nani kapata nini. Waliougua walipofika 170, wakagawanywa: 162 walikuwa wa maji ya chumvi, 8 walikuwa wa chanjo. Mjomba wako hawezi kushindana na hesabu hiyo, hata akiishi miaka mia.

Je, wale walioganda damu baada ya chanjo ya AstraZeneca? Hawa hatuwaruki, na waliojaribu kuwaruka mwaka ule waliwapa wapinga chanjo silaha ya bure. Kufikia mwisho wa Machi 2021, Uingereza ilikuwa imetoa dozi milioni 20 hivi za chanjo hiyo na kurekodi wagonjwa 79 wa mgando usio wa kawaida, 19 kati yao wakafariki. Ni kama wagonjwa 4 kwa kila dozi milioni. Aprili 7 washauri wa serikali wakasema walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine. Mwezi mmoja baadaye umri ukapandishwa hadi 40. Kwa mzee wa miaka 70 korona ilikuwa hatari kuliko sindano mara nyingi sana. Kwa kijana wa miaka 25, wakati maambukizi yameshuka, mizani ilikaribia kulingana. Ushauri uliobadilika baada ya takwimu kubadilika haukuwa ushahidi wa hila. Hivyo ndivyo ushauri wa kweli unavyofanya kazi. Aliyepaswa kutiliwa shaka ni yule ambaye Januari alikuwa na jibu moja kwa kila umri na Desemba bado analo lilelile.

Wakubwa wa Ulaya hawakuwa na busara zaidi. Januari 29, 2021 Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alidai kwamba chanjo ya AstraZeneca karibu haina nguvu kwa wenye miaka zaidi ya 65, wakati kilichokuwepo ni uchache wa wazee katika majaribio. Siku hiyohiyo Kamisheni ya Ulaya ilitangaza kutumia Ibara ya 16 ya itifaki ya Ireland Kaskazini, sehemu ya mkataba wa Brexit, ili kudhibiti chanjo zisipitie huko kuingia Uingereza, ikaifuta saa chache baadaye baada ya Dublin na London kuja juu. Wiki chache mbele Wafaransa walihimizwa kuipokea sindano ambayo rais wao alikuwa ameshaichafua. Mtu akisikia haya akajenga chuki kwa Brussels, tunamwelewa. Akisema ndiyo ushahidi kwamba kura ya Juni 2016 ilikuwa sahihi, hatumwelewi. Waliopiga kura mwaka ule hawakuwa na habari ya kirusi chochote.

Kwetu Afrika Mashariki kiburi cha wakubwa tulikionja kwa njia nyingine. Mwishoni mwa Julai 2021 Uingereza iliiahidi Kenya dozi 817,000 za AstraZeneca. Miezi miwili haijapita, Mkenya aliyedungwa dozi hizohizo akifika London alihesabiwa hajachanjwa, kwa kuwa cheti chake kilitolewa Kenya. Nairobi ililalamika, na baadaye cheti kikatambuliwa. Hapo hakukuwa na sayansi wala bahati. Ilikuwa dharau ya ofisini, na hatuoni sababu ya kuitafutia jina laini.

Sasa fedha, maana huko nako bahati hugeuzwa ushahidi. Machi 2020 Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba hadi asilimia 0.1. Pesa ya akiba ikawa inalala tu. Watu wako nyumbani, hawalipi nauli, hawaendi baa, na wengi wanapokea asilimia 80 ya mshahara kutoka serikalini huku simu mkononi zinawaruhusu kununua hisa bila ada. Wakanunua. Aliyenunua hisa za Rolls-Royce mapema Novemba 2020, bila kujua lolote kuhusu injini za ndege, aliamka Novemba 9 akasikia matokeo ya kwanza ya Pfizer, na kufikia jioni hisa zile zilikuwa zimepanda zaidi ya asilimia 40. Mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu bahati? Ameshajiona mtaalamu, na wiki ijayo anawashauri shemeji zake.

Januari 2021 ikaja GameStop, kampuni ya Marekani ya maduka ya michezo ya kompyuta. Hisa iliyoanza mwaka chini ya dola 20 iligusa dola 483 Januari 28. Ilipofika Februari 19 ilikuwa karibu dola 40. Tuliambiwa ni wanyonge wanawafunza adabu matajiri, na kweli mfuko wa Melvin Capital, uliokuwa umebashiri hisa hiyo itashuka, ulipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mwezi ule. Lakini kwa kila aliyeuza kwa dola 400 alikuwepo aliyenunua kwa dola 400. Wa kwanza alisimulia. Wa pili alinyamaza, na maoni tuliyoyasikia sote yakawa ya upande mmoja. FCA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia masoko ya fedha, ilikuwa imeonya mwezi huohuo kwamba anayenunua sarafu za kidijitali awe tayari kupoteza kila senti. Waliosikiliza walichekwa mwaka mzima, kwani Bitcoin ilifika karibu dola 69,000 Novemba. Juni 2022 ilikuwa chini ya dola 20,000.

Mfano unaotuuma zaidi ni Deliveroo, kampuni ya kusambaza chakula, kwa sababu walionunua hisa zake hawakuwa wacheza kamari. Walikuwa wateja wa kawaida, watu waliokuwa wakiagiza chakula kwa simu wakati wa marufuku ya kutoka. Kampuni ilipoingia soko la hisa la London Machi 31, 2021 iliwatengea wateja wake hisa za pauni milioni 50 kwa bei ya pauni 3.90 kila moja. Siku ya kwanza bei ilianguka kwa asilimia 26. Wakubwa waliweza kuuza siku hiyo. Wateja hawakuruhusiwa mpaka Aprili 7, walikaa wanatazama. Mwaka 2025 DoorDash ya Marekani ilikubaliana kuinunua kampuni hiyo kwa pauni 1.80 kwa hisa.

Wala si wasio na utaalamu pekee wanaokosea hivi. Septemba 2022, bajeti ndogo ya waziri mkuu Liz Truss ilipoyumbisha hati fungani za serikali, mifuko ya pensheni inayoendeshwa na mabingwa wenye suti ilikutwa imekopa mno dhidi ya hati hizohizo, na Benki Kuu ikalazimika kuahidi kununua hadi pauni bilioni 65 kuinusuru.

Brexit yenyewe tunaihukumuje, basi, kama matokeo peke yake hayatoshi? Kwa yale yaliyojulikana siku ya kuamua. Ilijulikana kwamba vizuizi vya forodha hupunguza biashara. Ofisi huru ya makadirio ya bajeti ya Uingereza bado inakadiria kwamba kwa muda mrefu tija ya nchi itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko kama isingetoka. Ilijulikana kwamba mpaka wa Ireland hauna dawa rahisi. Wapo waliojua yote hayo wakapiga kura ya kutoka kwa sababu walitaka bunge lao litunge sheria bila kuulizwa, na hao hatuna cha kuwadai. Waliouziwa kutoka kama biashara ya faida ndio walioghilibiwa. Kwa miaka kadhaa sasa walio wengi huwaambia wapima maoni kwamba ilikuwa makosa, ilhali Julai 2024 chama cha Nigel Farage, mpiga debe wa Brexit, kilipata asilimia 14 ya kura. Mtu hukiri kosa la kura haraka kuliko anavyomkana aliyemshauri.

Suala hili halijapoa. Katika bajeti ya Novemba 2025 waziri wa fedha Rachel Reeves alitangaza kwamba kuanzia Aprili 2027 walio chini ya miaka 65 wataweza kuweka pauni 12,000 tu kwa mwaka katika akiba ya fedha taslimu isiyotozwa kodi, badala ya 20,000. Zinazobaki ziende kwenye uwekezaji. Serikali inataka raia wanunue hisa. Hatupingi. Kwa miaka mingi, hisa zilizotawanywa katika kampuni mamia zimeipita akiba ya benki, na mwenye subira ananufaika. Tunachotaka ni kwamba kila kampuni itakayoruhusiwa kutangaza akaunti hizo za uwekezaji ilazimishwe kuchapisha, kwa herufi kubwa sawa na za tangazo lenyewe, ni wateja wangapi kati ya mia walipata hasara mwaka uliopita. Mawakala wanaouza bidhaa za kubashiri bei kwa fedha za mkopo wanalazimishwa tayari kutaja idadi hiyo. Sheria hiyo ilianzia Ulaya, na Uingereza iliibakiza baada ya kutoka. Reeves anayo mezani. Aipanue.