Kilima Hakitembei

Katika Bunge letu mambo mengi huamuliwa kwa sauti. Wanaoafiki huitikia "Ndiyo!" kwa pamoja, wasioafiki nao "Siyo!" Spika hamhesabu mtu mmoja mmoja, husikiliza uzito wa sauti tu. Siku hizi wako wataalamu wa mawasiliano wanaotaka kompyuta nazo zifunzwe kwa njia hiyo hiyo, na mimi nina ugomvi nao.

Nieleze kwanza, nisije nikaambiwa napinga nisichokijua. Mwaka 2017 kampuni ya Google ilitangaza kwamba inajaribu kuifunza programu yake ya kuandikia katika simu bila kukusanya maandishi ya watu. Kila simu hujifunza yenyewe kutokana na maneno ya mwenyewe, kisha hupeleka masahihisho tu, yaani tarakimu, na kituo kikuu hutafuta wastani. Lakini tarakimu hizo ni nyingi, na simu elfu zikisema kwa zamu, masafa hayatoshi. Ndipo likatumika wazo ambalo Bobak Nazer na Michael Gastpar waliliandikia mwaka 2007: simu ziseme zote kwa mara moja. Mawimbi hujumlishana yenyewe hewani, na mnara hupokea jumla iliyo tayari. Mwingiliano wa mawimbi, adui wa siku zote wa fundi wa redio, umegeuzwa kikokotoo.

Ni akili kubwa, sikatai. Lakini ili jumla hiyo iwe sahihi, sauti zote sharti zifike mnarani zikiwa na nguvu sawa. Simu ya karibu hunong'ona. Ya mbali hupaza. Je, ile iliyo nyuma ya kilima, ambayo hata ikipaza nguvu zake zote haifiki? Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuinyamazisha. Wako hata waliochunguza faida ya kuchagua simu zilizo karibu na mnara peke yake. Hesabu hutoka safi, wanasema. Safi kwa nani?

Kinachonyamazishwa ni maneno ya mvuvi na ya mkulima. Mashine itajifunza Kiswahili cha walio chini ya mnara, kisha itawasahihisha walio mbali nao. Tena, jumla ile ile inayomficha mtu, jambo wanalolisifu kuwa hulinda siri zake, ndiyo inayoficha kutokuwapo kwake. Bungeni, sauti zikitiliwa shaka, kanuni zina njia ya kudai kura zihesabiwe. Hewani nani atadai?

Hujibiwa kwamba hali ya mawimbi hubadilika, na simu iliyokosa leo itasikika kesho. Kwa mtu anayepita njiani, ni kweli. Kilima hakitembei.

Mbinu hii bado iko zaidi katika maabara na makaratasi, na ndiyo maana nasema sasa, kabla chuma hakijapoa. Simu zilizoachwa zihesabiwe, na idadi yake itangazwe pamoja na sifa za mashine. Na mwenye sauti ndogo apewe zamu yake peke yake, hata kama itatuchelewesha. Mkutano unaokwisha mapema kwa sababu walioketi nyuma hawakusikika haujaokoa muda wa mtu yeyote. Umekopa ugomvi wa kesho.