Istilahi Hazitoshi Kizimbani

Wako wenzetu, nao si wachache, washikiliao kwamba daktari au mkemia asimamapo mbele ya hakimu hapungukiwi na kitu ila istilahi. Tangu Tanzania ilipobadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, nasi tulio ng'ambo ya mpaka twausikia wimbo huo katika kila semina: tupeni orodha ya maneno, mengine yatafuata. Sisi hatukubali.

Na tuitazame kesi ya Sally Clark, iliyosikilizwa Uingereza mwaka 1999. Mama huyo alishtakiwa kuwaua wanawe wawili wachanga, mmoja aliyefariki mwaka 1996, wa pili 1998. Shahidi mtaalamu, Profesa Roy Meadow, aliwaambia raia 12 wa juri kwamba vifo viwili vya ghafla katika nyumba kama ile hutokea mara 1 katika milioni 73. Akatoa na mfano wa mbio za farasi: ni sawa na kumchezea kamari farasi asiyetazamiwa, akashinda miaka minne mfululizo. Istilahi gani ilikosekana hapo? Hakuna hata moja. Kila neno lilikuwa jepesi. Raia 10 kati ya wale 12 wakamwona ana hatia.

Hesabu yenyewe ilikuwa mbovu: 1 katika 8,543 ilizidishwa kwa yenyewe, kana kwamba watoto wa damu moja na nyumba moja hawahusiani. Lakini kosa lituhusulo sisi walimu ni la sentensi. “Mama akiwa hana hatia, vifo viwili ni nadra” si sawa na “Vifo viwili vikitokea, mama asiye na hatia ni nadra.” Tazameni -ki- ilivyohama! Vifo vimekwisha kutokea. Linaloulizwa ni lipi lililo nadra zaidi, maradhi kuua wawili au mama kuua wawili, maana hilo nalo ni nadra mno. Shahidi hakulisema. Chama cha Kifalme cha Takwimu kilipinga hadharani mwaka 2001. Mama aliachiwa mwaka 2003, hasa kwa sababu ya majibu ya maabara ambayo mawakili wake hawakuonyeshwa. Akafariki mwaka 2007.

Je, ni darasa letu lipi limfundishalo mkemia wa kesho kuigeuza sentensi hiyo na kuona maana ilipoponyoka? Twamfundisha -ki- ya masharti kwa “mvua ikinyesha”, twasahihisha, basi. Kesho atasema mahakamani kwamba vinasaba “vimeoana”, naye hakimu ahitaji kujua ni watu wangapi wengine ambao vyao vingeoana vivyo hivyo, na maabara hukosea mara ngapi. Hayo hayamo katika kamusi. (Tuliwahi kuuliza hivyo katika semina moja, tukajibiwa kwa orodha nyingine ya istilahi.)

Katika mtihani wetu wa muhula ujao tumeziweka sentensi zile mbili. Mwanafunzi atatakiwa aeleze tofauti yake kwa fundi baiskeli.