Kilomita 25 kwa lita? Barabara gani hiyo?

Jamani, hii namba ya kilomita 25 kwa lita inayotajwa kwenye yadi za magari imenichosha. Dalali hakuitunga, la. Vitz ya cc 1300 ya mwaka 2014 ilipewa namba hiyo Japani kwa kipimo kiitwacho JC08. Lakini tazama kipimo chenyewe: gari linakimbizwa juu ya rola ndani ya maabara, kilomita 8 hivi kwa dakika 20, kiyoyozi kimezimwa. Hakuna mlima, hakuna matuta, hakuna matatu inayokukatia mbele.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Ikifanya kazi kwenye mashine yangu, sijasema bado kwamba itafanya kazi kwa mteja. Mbona gari tunaliamini upesi hivyo? Mtu anachukua mkopo wa sacco, anapiga hesabu ya petroli kwa 25, mwisho wa mwezi anamlaumu makanika.

Hata ile skrini ya dashibodi hukadiria tu. Dawa ni ya kizamani: jaza tangi mpaka pampu ikate, andika kilomita, endesha kama kawaida yako, jaza tena, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Rudia mara tano hivi, maana pampu hazikati pahali pamoja.

Langu, Thika Road asubuhi hadi mjini, hunipa 13. Jumapili nikienda Naivasha, 18. Gari ni lile lile! Kwa hiyo mtu akikusifia gari lake, muulize kwanza hupita wapi, na saa ngapi.